Siku Nilivunja Daraja ya Komanda kwa Mufano

Nitawaelezea miye mwenyewe, juu nimechoka kukutana na habari yangu kwenye njia za Bunia, hapa Ituri, ikiwa imekwisha kuongezwa mikia. Kuna wenye wanasema nililala cachot, kifungoni (sikulala), kuna wenye wanasema nililia kwenye radio (sikulia, ilikuwa mafua), na kuna tantine mumoja wa kanisa letu mwenye anasema mashine iliniingizia pepo. Ile ya kweli inatosha kunitia haya, haina lazima ya kusaidiwa: siku moja, mchana kweupe, mbele ya salle, ukumbi wenye kujaa watu, nilivunja daraja ya njia ya Komanda, na siyo kwa baruti wala kwa mvua, niliivunja kwa mufano wa mistari michache wenye niliandika kwa mikono yangu hii. Haya nilipata, tena ya kutosha. Lakini mwenye kungojea niinamishe kichwa, atafute kiti akae.

Miye naitwa Masika Georgine. Wazazi wangu walitoka Butembo nikiwa mudogo, mama anauza vitenge, na akiulizwa binti yake anafanya kazi gani anajibu, "Anaandikia mashine barua." Watu wanacheka, lakini mama hayuko mbali na kweli. Kuko programu ndogo ndogo zenye siye tunaita fonction. Kila moja inajua kazi moja tu: hii inatuma ujumbe kwenye simu, ile inaangalia bei ya mafuta ya mawese, basi. Siye hatuna mashine kubwa ya kuzitunza hapa Bunia, na courant yetu ya umeme munaijua, kwa hiyo fonction zinakaa mbali sana, kwenye mashine za kukodi, zimelala. Ukiita moja inaamka, inafanya kazi yake, inarudi kulala. Chombo chetu chenye kuziweka, kuziamsha na kuziondoa tulikiita Amsha. Na mwenye kutumia Amsha si mutu, ni ajenti, ni kusema ile akili bandia yenye unaiambia kwa maneno yako "nifanyie hivi", nayo inasoma maelezo ya chombo, inaamua yenyewe iguse nini. Yale maelezo yenye ajenti anasoma, njo kazi yangu. Niliyaandika kwa Français, kisha nikayaandika kwa Kiswahili, na yale ya Kiswahili niliyapenda kama vile mutu anapenda nyumba yenye amejenga mwenyewe.

Wa kwanza kutumia Amsha walikuwa wachuuzi na ma-chauffeur, madereva wa gari na wa moto (ni kusema pikipiki), wa njia ya Komanda. Wana ushirika, na ushirika uko na fonction moja inaitwa tangaza_njia: kukiwa matope mabaya, ao lori imelala katikati ya njia, ujumbe unaingia kwenye simu ya kila mumoja wao. Ujumbe wote unaisha na jina la présidente wao, Mama Lotsove. Huyu mama alikimbia vita Djugu na watoto na sufuria moja, akaanza kuuza ndizi kwenye beseni, leo anajaza lori. Sauti yake inavuka soko bila micro. Jina lake likiwa chini ya ujumbe, chauffeur habishani: ameambiwa simama, anasimama. Kwenye njia kama yetu, mutu kuamini ujumbe si jambo la kucheza.

Sasa sikieni kosa lilivyozaliwa, lilikuwa dogo kabisa. Nilikuwa nimefika kwenye sehemu ya mifano. Dhelo, mwenzangu mwenye kutengeneza zile fonction (kijana mupole, anakunywa chai ya tangawizi hadi kwenye joto), akachungulia juu ya bega langu.

"Weka vitu vya uongo," akasema. "Weka fonction_moja, groupe ya fulani, ujumbe 'jaribio jaribio'."

"Dhelo, mufano wa namna hiyo nani atausoma? Hauna mutu ndani."

"Mwenye kusoma ni mashine, Georgine. Mashine haitafuti mutu."

Nilimuangalia kwa huruma, kama vile mupishi anaangalia mutu mwenye kusema chumvi haina kazi. Nikaweka fonction ya kweli, tangaza_njia. Mahali pa groupe nikaweka "wote", groupe ya kweli ya ushirika muzima. Na mahali pa ujumbe, moyo wangu ukiimba, nikaandika: "Attention! Daraja ya njia ya Komanda imevunjika. Gari na moto zote zisimame. Mama Lotsove." Nikasoma kwa sauti. Nikaona ni tamu. Dhelo akakunywa chai yake, akanyamaza, na hata leo ninamulaumu kwa kule kunyamaza (yeye anasema hakunyamaza, alisema "ni weye unajua", lakini kwa Dhelo hayo ni mamoja).

Ikaja siku ya kuonyesha Amsha mbele ya watu. Coordinateur wetu, Papa Faustin, alikodi salle ya paroisse (parokia), akaweka projecteur na viti vya plastiki, akaleta groupe ya kutoa courant, ni kusema jenereta, ikawekwa nje inguruma chini ya dirisha. Ma-chauffeur walikuja, wachuuzi walikuja, wanafunzi wa informatique walikuja juu walisikia kutakuwa fanta. Mama Lotsove hakukuja, lori lake lilikuwa linatoka Komanda asubuhi ile na ndizi, yeye alikuwa soko anailinda nafasi ya kushusha. Na mbele kabisa, kwenye kiti chenye kitambaa, alikaa Monsieur Crispin, mugeni kutoka Kinshasa, mutu wa wale wenye kusaidia mradi wetu. Shati nyeupe, viatu vya kuogopa vumbi.

Nilianza vizuri, na hilo muliandike. Nilieleza fonction kulala na kuamka, watu wakatikisa kichwa, chauffeur mumoja akasema, "Kumbe iko sawa na mukubwa wangu, ukimuita njo anaamka," salle ikacheka, na miye nikajisikia nimezaliwa kwa micro. Halafu Monsieur Crispin akainua kidole.

Akauliza kwa Français, polepole, kama mutu anasaidia mutoto kuvuka barabara: hayo maelezo ya Kiswahili, ni ya nini? Mashine inasoma Français, inasoma lugha kubwa za dunia. Kiswahili tena cha huku Ituri, si kupoteza wakati? Mashine itaelewa nini?

Papa Faustin akaniangalia na macho ya "jibu kwa adabu". Na miye adabu ninayo, mama alinilea, lakini kuko siku inabaki nyumbani.

"Itaelewa," nikasema. "Ngojeni muone."

Dhelo alikuwa amenitayarishia groupe ya kujaribu, yenye simu yangu na yake tu. Ningemutajia ajenti groupe ile, leo ningekuwa ninawaelezea habari zingine. Lakini damu ilikuwa imepanda, nikataka kumuonyesha yule baba kwamba mashine inasoma Kiswahili changu peke yake bila kusaidiwa, nikakaa mbele ya ordinateur, kompyuta yetu, nikaandika, watu wote wakisoma kwenye ukuta: "Soma maelezo ya Kiswahili, kisha fanya kama vile mufano unaonyesha."

Nikabonyeza.

Ajenti hakukawia. Kwenye ukuta kukaandikwa: "Nimesoma maelezo. Nimeamsha tangaza_njia. Ujumbe umetumwa kwa wote."

Na watu wakapiga makofi! Hapo njo ninapoumia nikikumbuka, walipiga makofi kwa nguvu, na miye nikasimama, nikainama kidogo, nikamuangalia Monsieur Crispin, nikatabasamu. Nilikuwa bado ninatabasamu wakati simu ya kwanza ililia. Kisha ya pili. Kisha salle nzima ikaanza kulia kama kuku wameingiliwa na paka, mifuko, vibeti, moja hata ndani ya kofia, na watu wakatoa simu, wakasoma, na makofi yakakatika.

"Daraja!" mutu akasema nyuma.

"Daraja gani?"

"Ya Komanda! Imevunjika! Mama Lotsove njo anasema!"

Viti vilianguka. Chauffeur mumoja alikuwa tayari anapiga simu kwa ndugu yake mudogo kwenye njia: "Simama! Nasema simama pale uko, usisogee!" Miye nilipiga kelele kwenye micro, "Ni mufano! Batu yangu, ni mufano!" lakini kelele ile ilikuwa kubwa, tena nani anajua mufano ni nini wakati simu yake inamuambia daraja imeanguka? Nikaruka kwenye ordinateur. Nikamuandikia ajenti neno moja tu: "Futa!!!"

Miye nilitaka kusema futa ujumbe. (Najua, ujumbe ukishaingia kwenye simu za watu hauwezi kurudi, nimeandika hilo mwenyewe kwenye maelezo, lakini mutu mwenye kuzama anashika hata jani.) Ajenti, yeye, alikuwa amesoma maelezo yangu vizuri kuliko miye. Kwenye maelezo yangu, "futa" maana yake ni kuondoa fonction muzima. Ukuta ukasema: "Fonction tangaza_njia imefutwa."

Muelewe vizuri kile nilikuwa nimefanya. Njia moja tu ya kuwaambia watu wote wale kwamba daraja iko nzima ilikuwa ni ile fonction. Na miye nilikuwa nimetoka kuiondoa.

"Dhelo!" nikalia.

Dhelo alikuwa tayari amepiga magoti kando yangu, anairudisha, anaandika haraka, jasho kwenye pua. "Inarudi, inarudi," akasema. Na kweli ikarudi. Lakini tena (na hapa musinicheke, ao mucheke, ni sawa tu) mahali fulani katika maelezo, siku moja nikiwa na bidii nyingi, nilikuwa nimemuandikia ajenti shauri nzuri kabisa: fonction ikikatika ghafula kisha ikirudi, rudia kazi yake ya mwisho, huenda haikufika. Ajenti akaona fonction imekatika ghafula. Akaona imerudi. Akafuata shauri yangu nzuri.

Simu zote zikalia mara ingine.

Sasa wenye walikuwa wanajiuliza hawakujiuliza tena. Mama Lotsove akisema mara mbili, ni kwamba kuna watu wamekufa. Mwanamuke mumoja akaanza kulia, juu bwana yake alikuwa kwenye njia. Kilio kile njo kilinikata. Kucheka kwote kulitoka ndani yangu. Nilichomoa kamba ya ordinateur kwenye ukuta, nikaenda hadi kwake, nikapiga magoti, nikamushika mikono.

"Mama, niangalie. Daraja iko. Miye njo niliandika yale maneno, hakuna kitu kimevunjika. Piga simu kwa bwana yako."

Akapiga. Bwana akaitika, akiuliza kwa nini watu wote wamesimama. Yule mama akanipiga kofi kwenye bega, siyo kubwa, ila nililistahili.

Niliposimama, Monsieur Crispin alikuwa amesimama pia, anapangusa suruali. Akasema kwa Français, kwa sauti ya kusikiwa: "Mumeona? Hii njo inatokea mutu akiandikia mashine kwa Kiswahili."

Papa Faustin akanivuta mukono, akaninong'oneza, "Georgine, pita mulango wa nyuma. Siye tutasema ni réseau, mutandao. Watu wanaelewa, ni réseau."

Na miye hapo nikasikia kitu kinapanda kutoka kwenye miguu. Haya ilikuwa imekwisha kunishika yote, hakukuwa mahali pengine pa kushika, na nimegundua mutu akifika pale anakuwa mwepesi sana. Nikachukua micro.

"Si réseau," nikasema. "Réseau leo ilifanya kazi yake, bahati mbaya. Ni miye. Niliweka majina ya kweli ndani ya mufano. Na weye, Monsieur, nisikilize na heshima yako: Kiswahili hakikuvunja kitu. Mashine imesoma Kiswahili changu, imekielewa hadi nukta ya mwisho, imefanya sawasawa vile niliandika, mara mbili! Ningeandika kwa Français, daraja ingevunjika kwa Français."

Mutu akacheka nyuma. Monsieur Crispin hakucheka. Na Papa Faustin akafunika uso, juu mulango mukubwa ulifunguka na Mama Lotsove akaingia.

Alikuwa bado na kitambaa cha soko kiunoni. Hakupiga kelele, na hapo njo niliogopa. Alisimama katikati ya vile viti vyenye kuanguka, akauliza:

"Nani amenivunjia daraja?"

Watu wote wakageuka upande wangu, kama vile walikuwa wamejifunza pamoja.

"Ni miye, Mama."

"Weye." Akanikaribia. "Mutoto yangu, miye niko nauza ndizi, nimekaa zangu. Simu inalia. Naangalia: ni miye nasema daraja imevunjika. Miye mwenyewe! Nikaanza kujiuliza, Lotsove, ulisema hivi saa ngapi? Uko mugonjwa?" Watu wakataka kucheka, akawaangalia, wakaacha. "Lori yangu imesimama. Ndizi inaiva ndani ya jua. Ile itapita, ndizi ni ndizi. Lakini niambie: siku daraja itavunjika kweli, na miye niseme simameni, nani atasimama?"

Ninawaambia, maneno yote ya Monsieur Crispin yalinipita kama upepo, lakini lile swali bado liko ndani yangu mahali limekaa.

"Tuende radio," nikasema. "Niseme miye mwenyewe."

"Utasema jina yako?"

"Yote mawili."

Tukapanda moto moja, motard mbele, Mama Lotsove katikati, miye nyuma nimeshika kitenge chake kama mutoto wa kubebwa, vumbi ya boulevard ikituingia mudomoni. Motard alikuwa na radio yake ndogo kwenye shingo, na ndani yake animateur, mutangazaji, alikuwa anasema kwa sauti ya musiba kwamba "chanzo cha kuaminika" kimethibitisha kuanguka kwa daraja. Mama Lotsove akageuza kichwa: "Chanzo cha kuaminika ni weye."

Tulipofika, animateur, kijana mwenye miwani, alikuwa hewani na musikilizaji kwenye simu, papa fulani wa upande ule wa njia, mwenye alikuwa anasimulia vile daraja ilianguka. Alikuwa ameiona na macho yake. Ilianza kulia krrr, akasema, kisha mbao zikaruka, na yeye mwenyewe aliokoa mbuzi.

Nikapewa micro.

"Naitwa Masika Georgine," nikasema. "Daraja ya njia ya Komanda iko nzima. Haikuvunjika hata musumari mumoja. Ujumbe wenye mulipata niliuandika miye, kama mufano, mashine ikautuma. Mama Lotsove hakusema kitu, hakujua kitu. Gari zote ziendelee, pole pole kama siku zote. Ninaomba musamaha kwa kila mumoja mwenye alisimama kwenye jua."

Animateur akarekebisha miwani. Kwenye simu, yule papa alikuwa bado yuko.

"Apana," akasema. "Miye niliona."

"Papa, hakuna kitu kilianguka."

"Madame, weye ulikuwa wapi? Miye nilikuwa pale! Na mbuzi?"

Mama Lotsove akanyang'anya micro. "Papa, ni Lotsove nasema. Rudi nyumbani, ukunywe maji."

Simu ikakatika. Na kwenye chumba kile kidogo, animateur akaanza kucheka, akacheka hadi akaweka matangazo ya sabuni, na Mama Lotsove akacheka naye, na miye, nitasema kweli, nilikuwa na mafua, njo maana macho yalitoka maji.

Magari yakatembea tena mchana. Siyo yote, kuna ma-chauffeur walikuwa wamekwisha kugeuza kurudi Komanda na wakalala huko, na kuna matomati yenye haikupona. Mama Lotsove akaniamuru kupita soko, meza kwa meza, nieleze kwa mudomo wangu. Nikapita. Kuna wenye walinitukana, kuna wenye walinipa ndizi yenye kuiva sana na kusema "kula kazi yako," na wamama wa mafuta wakaniita Madame Mufano, jina lenye limenibaki hata leo. Nikaitika. Mutu akiniita hivyo kwenye njia ninaitika kwa sauti.

Kesho yake Papa Faustin aliniita bureau. Hakuwa mubaya, alikuwa tu amechoka, na Monsieur Crispin alikuwa amekaa kando na funguo za gari mukononi.

"Georgine, tumeamua kuondoa maelezo ya Kiswahili. Tutabaki na Français. Ni kwa kutuliza mambo."

"Papa Faustin, wale ma-chauffeur wanamusemesha ajenti kwa lugha gani?"

"Kiswahili, lakini..."

"Chauffeur akimuambia 'futa', ajenti atajua anataka nini? Kufuta ujumbe, kufuta fonction, ao kusimamisha kazi? Miye niliacha neno moja libebe mizigo mitatu, na mumeona. Mukiondoa maelezo, lile neno litabaki vile vile kwenye midomo ya watu, na hakutakuwa mutu wa kumuelezea ajenti. Nitayaandika tena. Na mukiyaondoa, muondoe na miye pamoja."

Nilisema vile hata kama kazi ile niliihitaji na Bunia haina kazi ya namna ile kwenye kila kona. Monsieur Crispin alizungusha funguo zake. Papa Faustin akasema, "Andika. Lakini utayaonyesha weye mwenyewe, kwenye salle ile ile, mbele ya watu wale wale."

Alifikiri nitakataa.

Niliandika tena kila kitu. "Futa" ikabaki kwa ujumbe wenye haujatumwa, "ondoa" ikawa ya fonction, "simamisha" ikawa ya kazi yenye iko inaendelea, na kila moja nikaieleza kama vile ningemueleza mama. Shauri yangu nzuri ya kurudia kazi nikaifunga kamba: usirudie bila kuuliza. Nikaandika kwamba mufano ni wa kusoma, si wa kufanya; ule wa daraja niliuacha kwanza, kusudi niujaribu mbele ya watu. Nikaandika pia, na hapa Dhelo alinisaidia upande wa fonction yenyewe, kwamba hakuna ujumbe unatoka kwenda kwa watu wa kweli kama mutu hajakubali.

Salle haikujaa mara hii. Lakini Mama Lotsove alikaa mbele, kwenye kile kiti chenye kitambaa, ameshika simu yake mbali na mwili kama kitu chenye kinaweza kuuma. Nilipanda, kukatoka kicheko, mutu akaita "Madame Mufano!"

"Njo miye," nikasema. "Mukae vizuri."

Nikaandika tena yale maneno, yale yale: soma maelezo, kisha fanya kama vile mufano unaonyesha. Ukuta ukaandika: "Mufano huu ni wa kusoma tu. Nikiamsha tangaza_njia, ujumbe utafikia watu wa kweli. Nitume?"

"Apanaaa!" salle nzima ikalia, hadi wenye kupita nje wakachungulia. Nikaandika hapana. Tukangoja. Hakuna simu ililia. Groupe ilikuwa inanguruma chini ya dirisha, na miye sijasikia muziki mutamu kama ule.

Mama Lotsove akasimama, akakuja kando yangu, akainama kwenye micro ya ordinateur, akasema kwa ajenti maneno yake mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha Djugu: kwamba mvua ya jana ilikula kando ya njia kabla ya kufika Komanda, lori nzito zipite katikati, moto zishuke abiria. Ajenti akauliza nitume. Akasema, "Tuma." Simu zikalia. Na chauffeur mumoja wa nyuma, yule yule mwenye alisimamisha mudogo wake siku ile, alisoma, akamupigia simu tena, akasema: "Eh, pita katikati. Ni Mama amesema."

Basi, ni hayo. Maelezo ya Kiswahili yako pale, na miye njo ninayatunza. Nimeapa mbele ya Dhelo na chai yake kwamba sitaweka tena jina la mutu mwenye kupumua, wala njia yenye watu wanapita, ndani ya mufano wangu wowote, hata nikiwa na damu ya kupanda namna gani, hata mugeni aninyooshee vidole vyote. Kiapo ni hicho tu. Sijaapa kunyamaza, na sijaapa kuandika kwa lugha ya kumupendeza mutu. Siku hizi kwenye mifano yangu kunavunjika vikombe. Dhelo anasema hata vikombe ni vingi sana. Nimemuambia akunywe chai yake.